Kizimba cha Kaimati

Fundi Mwachiro alikigongomea kwa siku moja na nusu,
mbao za paleti kutoka Kilindini,
na ubavuni bado imebaki mishale miwili myeusi
ya kuwaonyesha makuli upande gani ni juu.
"Na huyu ni mzigo wa wapi?" akauliza,
akipuliza unga wa msumeno.
Nikamlipa mia nane bila jibu.

Kaimati hakukipenda.
Alikizunguka kama mpangaji aliyeonyeshwa chumba kisicho na dirisha,
akanusa kona, akanusa msumari,
akaenda kukojoa juu ya mkeka wangu wa ukili.

Usiku wa kwanza alilia toka saa nne.
Si kubweka. Kulia,
kwa sauti nyembamba kama uzi
uliofungwa kifuani mwangu na kuvutwa kutoka sebuleni.
Saa sita nikafungua.
Saa saba nikafungua.
Saa tisa alikuwa kitandani, miguu minne juu,
na mimi pembeni kama mgeni.

Asubuhi, upande wa pili wa ukuta,
Bi Thureya, ambaye mbwa hamgusi
na ana udhu wa kuulinda,
akaniita huku akipepeta mchele:
"Mghoi, nimesikia. Tudor nzima imesikia.
Ukimfungulia akiwa kilioni
si weye umfundao, ni yeye akufundao.
Ngoja anyamaze, hata pumzi moja,
ndipo ufungue. Mimi nimelea sita,
na paka wasio idadi."

Basi tukaanza upya, mlango wazi.
Bakuli la ugali na dagaa kizingitini,
kesho yake hatua moja ndani,
keshokutwa kule nyuma kabisa, mkia tu umebaki nje
unafagia sakafu.
Nikafunga kwa kuhesabu kumi.
Nikafunga kwa muda wa chai kuchemka.
Nikafunga, nikaenda kununua mkate wa mofa,
nikarudi mbio,
nikasimama nje ya mlango wangu mwenyewe kama mwizi
nikisikiliza kimya,
nisijue ni kimya cha usingizi au cha kinyongo.

Nilikiweka mbali na jua la alasiri, karibu na feni.
Joto la Machi, hata kuta hutoka jasho.
Doti moja ya leso nikaikata:
kipande nimejifunga, kipande nimekifunika nacho kizimba.
NAKUNGOJA SI KWAMBA SINA LA KUFANYA.
Yeye aliisoma kwa meno.
"Nakungoja" liliisha wiki ile ile.

Kuna siku tulirudi nyuma.
Usiku wa manane namtoa kando ya tangi la maji,
yeye anamfukuza mjusi, mimi nasinzia nimesimama,
"Kojoa, baba. Kojoa twende,"
na dirishani kwa Bi Thureya mtu anacheka.
Ijumaa nikakuta kifurushi juu ya ukuta,
gazeti limelowa mafuta: mifupa ya pilau.
"Si yangu," akasema. "Nimeiona tu hapo."

Wiki ya sita stima ikapotea,
na mvua ya kwanza ya masika ikapiga mabati
kama lori linamwaga kokoto.
Geti lilikuwa wazi. Nililiacha mimi.
Nikaita uani, nikaita chini ya kitanda,
nikatoka barabarani, leso imeniganda mwilini,
tochi ya simu inaonyesha maji tu, yanateremka,
"Kaimati! Kaimati!"
na mtu akanijibu gizani, "Bei gani?"

Nikarudi ndani. Nikainua pembe ya leso.
Amejikunja, pua chini ya mkia,
anakoroma.

"Kapatikana?" Bi Thureya akapaza sauti juu ya mvua.
"Kapatikana."
"Alikuwa wapi?"
"Kwake," nikasema,
"na kandambili yangu ya kushoto."